Nilipotakiwa Kuomba Kifo cha Mchukuzi wa Chumvi

Nilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilijua kusoma na kuandika. Ya pili, mama yangu alikuwa ameuawa wiki tatu kabla, na kila mtu kambini aliamini kwamba mwanamke aliyefiwa namna ile hawezi kushindwa kuomba kifo cha aliyesababisha.

Kusoma nilijifunza Mtwara. Baba yangu alikuwa na dada yake ng'ambo ya Ruvuma, na nilipofika miaka minane alinipeleka nikakae naye, kwa kuwa kwetu, pwani ya Palma, shule ya Wareno ilikuwa ya wachache, na msichana wa Kiislamu hakutazamiwa kuonekana mlangoni kwake. Nilisoma miaka minne nikarudishwa nyumbani. Baadaye niliolewa. Baba alifariki. Vita vya kuwaondoa Wareno vilipopamba moto mume wangu alivuka mto kwenda mazoezini, na tropa, askari wa Wareno, wakaanza kuwakusanya watu wa pwani katika vijiji vilivyozungushiwa senyenge, wanafungiwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Mama akasema yeye si mbuzi. Tukafunga mizigo yetu, tukaenda kwa miguu hadi misitu iliyo nyuma ya Pundanhar, ambako wapiganaji walikuwa na kambi na raia walilima vishamba vilivyofichwa katikati ya miti.

Huko nilifundisha watoto herufi na kuwaandikia watu barua. Aliyenipa kazi hiyo alikuwa komisari wa siasa wa kambi, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyesoma kwa mapadri huko uwandani kabla ya kuingia vitani. Alikuwa na donda mguuni lisilopona, na alipofundisha alikaa amelinyoosha juu ya kigogo. Nilimheshimu sana. Ni yeye aliyenifundisha Kireno kidogo nilichokijua, neno kwa neno, na hakunicheka hata siku moja. Alipenda kutuambia kwamba huko kwao Wareno walijisifu kuwa sheria yao ilikuwa imefuta adhabu ya kifo zamani, tangu enzi za babu zao. "Kwao imefutwa," alisema. "Huku kwetu hawahitaji sheria. Wanaua tu."

Shida kubwa ya msituni ilikuwa chumvi. Nguo mtu huweza kukaa na kiraka, lakini ugali wa muhogo na kisamvu bila chumvi, mwezi baada ya mwezi, humfanya mtu mzima alie. Chumvi yetu ililetwa na mtu mmoja wa pwani. Alikuwa wa makamo, mfupi, mwenye mabega mapana, na alikaa ndani ya kijiji cha senyenge pamoja na mkewe. Alikuwa na ruhusa ya kutoka kwenda kuchemsha chumvi penye mabwawa ya maji ya bahari. Nusu aliiuza kwao, na nusu aliificha, kisha kila baada ya wiki mbili tatu aliileta kwetu kwa mzega, vikapu viwili vinaning'inia huku na huku. Mama alimjua tangu utoto wake. Mimi nilimwita mjomba, kama tunavyowaita wanaume wote wa kwetu waliolingana na mama.

Asubuhi mama alipouawa, mashamba ya upande ule yalikuwa yameshavunwa na watu walikuwa wamehama. Mama alirudi na wanawake watatu tu kuchimba mihogo iliyosalia. Tropa hawakuja kwa njia kubwa iliyolindwa. Walikuja kwa kijinjia cha nyuma, kile kinachopita bondeni, ambacho mtu hawezi kukijua asipoonyeshwa. Tulisikia risasi, tukakimbia. Tuliporudi tuliwakuta wote wanne. Mama alikuwa amelala kifudifudi, jembe dogo bado liko mkononi. Tulimzika siku ile ile, kwa haraka, nguo ya kumkafini ikiwa ni leso yangu mwenyewe, kwa sababu sanda haikuwepo.

Kwa hiyo swali lililokuwa midomoni mwa wote lilikuwa nani aliyewaonyesha njia.

Karibu wiki tatu baadaye mchukuzi wa chumvi alikuja na mzega wake kama kawaida. Walinzi walimkamata kabla hajautua. Walimpekua, wakakuta kiunoni, ndani ya kitambaa, karatasi yenye muhuri wa Wareno. Kisha mlinzi mmoja akasema kwamba mtu huyo alionekana kituoni Palma akicheka na askari na kupewa sigara. Basi. Siku ile ile habari ilienea kwamba msaliti amepatikana. Walimfungia katika kibanda cha miti kilichokuwa ghala la mtama.

Sitaficha nilivyojisikia. Nilifurahi. Nilikwenda kusimama mbele ya kibanda kile nikamtazama kwenye upenyo wa miti ya ukuta, naye akanitazama, akasema, "Pole, mwanangu." Nilimtemea mate.

Siku ya pili komisari aliniita. Alinieleza kwamba kutakuwa na hukumu mbele ya watu wote, pale penye vigogo walipokaa watoto wakati wa masomo. Wazee watatu watakaa kama waamuzi, na watu watanyoosha mikono. Alitaka mimi nisimame kusema kwa upande wa watu. Siku hizi wangeniita mwendesha mashitaka, lakini sisi hatukuwa na jina la kazi hiyo. Nilikubali kabla hajamaliza. Akanipa daftari jipya na kipande cha penseli.

Nilikuwa nimeshaona hukumu moja kabla ya hiyo. Mwaka uliotangulia, watu wawili kutoka upande wa Mbau walishitakiwa kwa kuwaongoza tropa. Aliyesimama kusema alikuwa mpiganaji, na alisema maneno aliyopewa na kamanda, kwa mpangilio uleule, kama mtoto asomaye sura aliyoihifadhi. Shauri lile halikuchukua muda wa kuivisha chungu cha mihogo. Walipelekwa pembeni ya shamba wakapigwa risasi. Ninachokikumbuka zaidi ni vijana waliopewa kazi ya kupiga. Walikwenda mtoni kuoga, wakakaa huko muda mrefu, na wakati wa chakula hakuna aliyesogea kukaa nao. Walikula wenyewe, wamepeana migongo.

Lakini nilipopewa daftari mimi sikuwafikiria hao. Nilimfikiria mama na jembe lake. Niliandika ukurasa mzima siku hiyo, na kila mstari ulimalizika kwa neno kifo.

Kesho yake nilikwenda kuichukua ile karatasi ya muhuri, nipate kunakili maneno yake. Ilikuwa ni gia, kama Wareno walivyoiita, ruhusa ya kutoka kijijini kwenda kuchemsha chumvi. Watu wote waliokaa ndani ya senyenge, wakitaka kutoka kwa kazi, walipewa karatasi ya namna hiyo. Hilo nililijua, na nilikuwa nimeamua kutolisema. Ila chini ya muhuri kulikuwa na tarehe, kwa mkono mzuri wa karani. Niliisoma mara mbili, nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa imeandikwa siku nne baada ya sisi kumzika mama.

Nilikaa nayo mkononi. Nilijiambia kwamba tarehe si kitu, mtu aweza kuwa amepewa karatasi nyingi. Ni kweli, aweza. Lakini karatasi tuliyokuwa nayo sisi ni hiyo moja, nayo haikusema lolote juu ya siku ya shambulio. Nikafikiri, nani kati ya watu hawa atakayeisoma? Wazee watatu hawakujua Kireno. Watu hawakujua. Nikiinyanyua juu nikasema "tazameni muhuri," itatosha. Wazo hilo lilinijia kwa uwazi kabisa, na nasema wazi leo kwamba nililipenda kwa muda.

Nikaenda kwa yule mlinzi. Nilitaka anipe maneno yenye nguvu, ili tarehe isiwe na maana. Nikamwomba anieleze aliyoyaona kituoni. Akaniambia mwenyewe hakuwa kituoni, angefikaje huko? Aliambiwa na shemeji yake.

"Shemeji yako aliona?"

"Aliambiwa na watu wa sokoni."

"Watu gani?"

Alikasirika, akaniuliza kama nimesahau ni mama wa nani aliyekufa.

Ndipo nilipokwenda kwenye kibanda. Mlinzi wa mlango aliniruhusu kwa kuwa nilikuwa na daftari. Mjomba alikuwa amekaa chini, midomo imekauka. Nilimuuliza mambo yote kwa upole wa uongo, nikitumaini atajikanyaga. Alikuwa wapi siku ile? Alisema alikuwa kwenye mabwawa, anachemsha. Nani alimwona? Mkewe. Aliwahi kuwaambia tropa jambo lolote juu yetu? Alitikisa kichwa.

"Sikusema," alisema. "Mama yako nilicheza naye utotoni. Sikusema."

Nikatoka pale sina neno hata moja la kuandika. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Asubuhi ya hukumu, mapema, komisari alikuja nilipokuwa nikichanja kuni. Aliniuliza kama niko tayari. Nikamwonyesha ile karatasi, nikamweleza juu ya tarehe, na juu ya shemeji na watu wa sokoni. Alisikiliza mpaka mwisho, maana ndivyo alivyokuwa, hakumkatiza mtu. Kisha akakaa juu ya gogo na kunyoosha mguu wake.

"Kamanda ameshaamua," alisema. "Adhabu imeshaamuliwa. Kazi yako ni kuwasaidia watu waielewe."

Nikamuuliza, kama imeshaamuliwa, mimi ninasimama kwa ajili ya nini.

"Unasimama kwa sababu wewe umefiwa. Mtu akipigwa risasi kwa amri ya kamanda, watu wataogopa. Akipigwa kwa ombi la mtoto wa marehemu, watakubali. Watu wana hofu, ndugu. Wakiona hatukumpata aliyetuuza, nusu yao watarudi kwenye senyenge kabla ya mwezi kwisha. Na wakirudi, watasema njia zote."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa akinieleza hesabu yake, na mimi sikuweza kusema kwamba ilikuwa ya uongo. Watu kweli walikuwa na hofu. Familia mbili zilikuwa zimeshaondoka.

Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba wale wanaua bila kuuliza."

Aliinuka. "Usiniaibishe," alisema, akaenda zake.

Watu walikuja wengi. Wanawake walikaa upande mmoja, wanaume upande wa pili, watoto wakafukuzwa. Mjomba aliletwa amefungwa mikono kwa kamba ya mkonge. Kamanda alisimama nyuma kabisa, amekunja mikono. Mzee mmoja kati ya wale watatu alisema maneno ya kufungua, akanipa nafasi.

Nilisimama. Daftari nilikuwa nalo, limejaa maneno yangu ya siku ya kwanza, na ningeweza kuyasoma yalivyo. Nilisema hivi, au karibu na hivi, maana ni miaka mingi:

"Mnanijua. Mnajua nani amelala kule bondeni. Nilipewa kazi ya kusema kwa ajili yenu, na nilitaka mtu huyu afe. Bado nataka aliyewaonyesha tropa njia afe. Lakini karatasi hii imeandikwa siku nne baada ya maziko. Na shahidi wetu hakuona, aliambiwa na mtu aliyeambiwa. Nimetafuta kingine, sina. Siwezi kuwaomba roho ya mtu kwa vitu hivi. Sitaomba."

Nikakaa. Nilisikia mtu akikohoa na nikatamani akohoe tena, ili kimya kile kivunjike.

Komisari alisimama. Kwa sauti yake ileile ya chini aliwaambia watu kwamba dada yao amezidiwa na msiba, si kosa lake, na kwamba atasema mwingine. Akamwita mkuu wa walinzi. Huyo alisema kwa ukali, akataja karatasi, muhuri, sigara, na damu ya wanawake wanne, akaomba kifo. Kisha wazee wakawaambia wanaokubali wanyooshe mikono.

Ilinyooshwa michache, upande wa wanaume. Upande wa wanawake haukunyooshwa mkono hata mmoja. Mkuu wa walinzi akarudia kuuliza. Hapo mwanamke mmoja mtu mzima, yule aliyenisaidia kumwosha mama, akasema bila kusimama, "Mwenye maiti amesema hana ushahidi. Sisi tutaomba kwa uchungu wa nani?"

Mikono miwili ya wanaume ikashuka.

Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Nilimwona mmoja akimtazama kamanda kule nyuma, na kamanda hakutikisa kichwa wala hakuitikia. Sijui mpaka leo kilichopita katika fikra zake. Labda alihesabu mikono. Mwishowe mzee akatangaza kwamba mtuhumiwa hatapigwa risasi. Hatarudi pwani tena. Atabeba mizigo kati ya kambi na mto, chini ya ulinzi, mpaka vita viishe.

Kesho yake daftari lilichukuliwa. Watoto walipewa mwalimu mwingine, kijana aliyejua herufi nusu. Mwezi ulipokwisha mimi nikaambiwa nitajiunga na wabebaji. Komisari mwenyewe alikuja kuniambia, na nilipokuwa nafunga kata yangu ya kuwekea mzigo kichwani, aliendelea kusimama pale.

"Umenifanya nionekane mbele ya watu kama mtu aliyetaka damu," alisema.

"Ulitaka."

"Nilitaka watu wasitawanyike." Akatazama mguu wake. "Hawakutawanyika, hilo nakubali. Lakini hukujua kwamba hawatatawanyika. Ulibahatisha."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinikaa moyoni. Hakunifanyia ubaya zaidi ya huo. Baadaye, nilipougua homa, aliniletea vidonge vya kwinini kutoka katika akiba yake.

Basi nikawa mbebaji. Tulikwenda kwa safu, wanawake kwa wanaume, siku tatu au nne hadi Ruvuma, tukapokea mizigo iliyovushwa kwa mitumbwi, masanduku ya risasi, majembe, sabuni, vitambaa, tukarudi nayo. Mjomba alikuwa katika safu ileile, na mlinzi nyuma yake. Mikono yake ilifunguliwa kwa kuwa haiwezekani kubeba sanduku umefungwa. Hatukusemezana. Nilikaa mbali naye kila tuliposimama, na yeye alilijua hilo akawa anangoja nichague pa kukaa ndipo naye akae.

Katika safari ya tano au ya sita, tulifika mtoni mchana, mitumbwi ikiwa bado haijavuka. Mlinzi alikwenda kuzungumza na wenzake. Nilikuwa nimekaa naosha miguu. Mjomba akaja, akachutama hatua kama tatu kutoka kwangu, akitazama maji.

"Nilisema," alisema.

Sikumwelewa mara moja.

Akaeleza. Si kwa sababu ya sigara wala hela. Mwezi mmoja kabla ya shambulio, tropa walimkamata akirudi kutoka kwetu, vikapu vitupu. Walimweka siku mbili. Walimpiga viganja kwa kile kibao chao cha matundu hadi vikavimba kama maandazi, kisha wakaanza nyayo. Wakamwambia mkewe ndiye atakayefuata. Walitaka njia. Alijua njia mbili, ile kubwa inayokwenda kambini na kile kijinjia cha bondeni kinachofika mashambani. Akafikiri, kambini kuna watoto. Mashambani watu wameshavuna, wamehama, tropa watakuta mashina makavu na kuchoma vibanda vitupu. Akawapa kijinjia.

"Sikujua kwamba atarudi kuchimba," alisema. "Nilidhani nimewadanganya."

Nikamuuliza kwa nini alinificha kule kibandani. Alisema aliogopa kufa. Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa.

"Kwa sababu ulisema pale mbele za watu kwamba huna ushahidi. Kila siku nakuona umebeba sanduku kichwani kwa ajili yangu. Sasa unao. Fanya unavyoona."

Aliinuka akaenda kukaa na wengine. Mitumbwi ikavuka. Tukapakua. Nilipewa sanduku, nikaliweka kichwani, nikatembea.

Siku tatu zile za kurudi ndizo ninazozikumbuka kuliko vita vyote. Nilikuwa nyuma yake, kwa kuwa mlinzi alitupanga hivyo, na nilitazama shingo yake na jasho lililoshuka kati ya mabega. Kulikuwa na wakati ambapo nilitamani kuliangusha sanduku lile juu ya kichwa chake. Halafu niliona nyayo zake, jinsi alivyokanyaga kwa pembeni, hakuwahi kuukanyagisha unyayo wote. Nilikuwa nimedhani ni namna yake tu ya kutembea.

Nilijua wajibu wangu. Kama siku ile nilikataa kwa sababu ushahidi haupo, basi sasa upo, na kutoka kinywani mwake mwenyewe. Mtu wa haki hawezi kudai ushahidi kisha akaukalia. Nilikuwa nimewaambia watu, mbele ya wote, kwamba nataka aliyeonyesha njia afe. Ningemwambia komisari neno moja tu, na asubuhi yake vijana fulani wangekwenda mtoni kuoga.

Tulipofika kambini komisari alikuwa amekaa mahali pake. Aliniuliza habari za njia. Nikasema salama. Nikaendelea kwenda.

Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Nimejipa majibu ya kila aina, kwamba aliteswa, kwamba alichagua mashamba ili kuokoa watoto, kwamba mama asingependa. Majibu hayo yote ni mazuri, na yote niliyapata baadaye. Siku ile nilipompita komisari sikuwa na hata moja. Nilijua tu kwamba mtu akishapigwa risasi hakuna la kumuuliza tena, na mimi nilikuwa bado na mengi ya kumuuliza. Siku ya hukumu nilikataa kwa sababu ya tarehe na shahidi, na mtu yeyote mwenye akili angeweza kuniunga mkono. Mara ya pili sikuwa na tarehe wala shahidi wa kunisaidia. Nilikataa tu, na hilo sikulieleza kwa mtu.

Mjomba alibeba mpaka mwisho. Komisari hakuuona mwisho. Alikanyaga bomu njiani, mwaka mmoja kabla ya bendera ya Wareno kushushwa, na nilimlilia kama ndugu.

Vita vilipokwisha nilirudi Palma. Mume wangu alirudi mzima. Kaka yangu, aliyepigana upande wa kusini karibu na Mucojo, naye alirudi, na siku moja alikuja kukaa nasi. Ni mtoto wa mama yuleyule, na alikuwa amesikia habari za hukumu nusu nusu. Aliniuliza kama ni kweli nilimtetea mtu yule. Nikaona kwamba komisari ningeweza kumnyamazia, lakini kaka yangu hapana. Nikamweleza yote, pamoja na yale ya mtoni.

Aliweka sahani chini. "Ungeniambia wakati ule, ningemuua kwa mikono yangu."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Hukuwa na haki. Mama hakuwa wako peke yako."

Nikamwambia ni kweli. Aliondoka siku ile ile, na ilipita miaka miwili kabla hajakanyaga tena nyumbani kwangu. Alipokuja, alikuja na mke na mtoto, akakaa, akala, akazungumza habari za mvua na za kazi. Mtoto wao wa kike alikuwa amepewa jina la mama. Nilimpakata akalala mapajani mwangu, na kaka akanitazama kwa muda, kisha akamwambia mkewe amchukue mtoto, dada amechoka. Sikuwa nimechoka.